Tukitoka Jumuiya: yanayosemwa Jaws Corner na yaliyopo bandarini

Tangu Mali, Burkina Faso na Niger zitoke rasmi ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025, pale Jaws Corner, kijiwe chetu cha Mji Mkongwe hapa Zanzibar, swali halikosekani: na sisi je, tukitoka Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC)? Wanaotaka tutoke wana hesabu yao, wanaotaka tubaki wana yao. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Malindi, na kinachonishangaza ni kuwa pande zote mbili hubishania ushuru na ada tu. Makaratasi hakuna anayeyataja, na mfanyabiashara mdogo huumia au hupona kwenye makaratasi.

Dhana: Tukitoka, mchele na sukari vitashuka bei

Hii ndiyo inayosemwa kwa sauti ya juu, na ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Tangu hapo bidhaa inayotoka nje ya Jumuiya inatozwa viwango vya pamoja: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika, na kuanzia Julai 2022 likaongezwa daraja la nne la asilimia 35. Juu ya hapo ipo orodha ya bidhaa nyeti. Humo mchele ni asilimia 75, sukari 100, kanga na vikoi 50. Mtu wa kisiwani anayekula mchele wa Pakistan na kuvaa kanga iliyochapwa India akisikia viwango hivyo lazima aulize analindwa nani, maana mpunga wa Cheju na Kibokwa haujawahi kututosha.

Lakini kiwango cha kitabuni si lazima kiwe ndicho kinacholipwa dirishani. Kila mwaka, kabla ya Julai, mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hukubaliana bidhaa zipi nchi fulani iruhusiwe kuzitoza kiwango chake kwa muda, na orodha hiyo huchapwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya. Tanzania hutumia njia hiyo mara kwa mara. Kwa hiyo sehemu ya uhuru tunaoutafuta nje tunao humu ndani. Kazi ni kuuomba kwa wakati, na kuuomba kwa bidhaa zinazotuhusu sisi wa visiwani.

Tena ushuru ni mapato ya serikali. Nchi ikitoka kwenye jumuiya mishahara, madeni na barabara zake vinabaki palepale, na sijaona waziri wa fedha aliyekimbilia kufuta ushuru kwa sababu tu amepata ruhusa. Hapohapo, sabuni, mafuta ya kupikia na maziwa ya Kenya yanayoingia kwa sifuri yangeanza kutozwa.

Wazee wana jibu lao: mbona zamani redio na televisheni zilikuwa rahisi sokoni Darajani, hata watu wa Dar wakivuka kuja kununua? Ni kweli. Baada ya biashara kufunguliwa miaka ya 1980, ushuru wa Zanzibar ulikuwa chini kuliko wa bara, na tofauti ile ndiyo iliyokuwa faida. Ilianza kuyeyuka pale viwango vya pande mbili za Muungano viliposogezwa pamoja, kabla hata ya Umoja wa Forodha. Tukiihama Arusha, makao makuu ya Jumuiya, kesho, Darajani ile hairudi.

Dhana: Ushuru ukibaki sifuri, hakuna kilichobadilika

Hapa ndipo ninapoomba wasikilizaji wasogee karibu. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya ilipata mkataba unaoanza 1 Januari 2021: ushuru sifuri, bila kikomo cha idadi, ilimradi bidhaa itimize masharti ya asili yake. Kwenye karatasi ulikuwa mkataba mzuri. Wiki ile ile ya kwanza, wauza samaki na kamba wa Scotland wakakwama. Kamba aliye hai akawa anahitaji cheti cha afya kilichosainiwa na mkaguzi na tamko la forodha, na huenda yuko lori moja na mizigo ya watu wengine ambao fomu zao zina makosa. Samaki hasubiri fomu. Katikati ya Januari 2021 wengine waliyaleta malori yao hadi London kuandamana.

Tuilete huku. Mama wa Paje anatengeneza sabuni ya mwani. Mwani ameulima mwenyewe, mafuta ya nazi ni ya hapa hapa, lakini magadi ya kutengenezea sabuni na vifungashio vimetoka nje. Anataka kupeleka mzigo mdogo Mombasa. Ndani ya Jumuiya, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kwenda kwa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa, ukaingia bila ushuru wa forodha. Si kwamba njia ni laini. Hata sasa atazungushwa kidogo, na viwango vya ubora vitamdai chake. Ila ngazi ipo na anaweza kuipanda.

Tukitoka, cheti kile chepesi hakimhusu tena. Sabuni yake inakuwa bidhaa iliyokamilika kutoka nchi ya nje, ya asilimia 25 au zaidi. Tuseme tumejadili mkataba mpya na Kenya na ushuru umebaki sifuri: bado atathibitisha magadi yale na vile vifungashio havijazidi kiwango kilichoruhusiwa, kwa fomu ndefu, kwa wakala kama mimi ambaye namtoza kwa kila waraka. Mwenye kontena kumi hugawa gharama hiyo hata asiisikie. Mwenye boksi nne huacha biashara, na hakuna takwimu inayomhesabu aliyeacha.

Dhana: Uingereza ilitoka na haikufa, kwa hiyo kutoka hakuna hasara

Na ndugu yake: anayetoka huporomoka siku ya pili. Zote mbili zimekosea kwa sababu moja, zinatazama siku.

Mei 2016, mwezi mmoja kabla ya kura, Hazina ya Uingereza ilionya kuwa wananchi wakichagua kutoka uchumi utaingia kwenye mdororo mara moja. Tarehe 23 Juni asilimia 51.9 wakachagua kutoka. Mdororo ule haukuja, na waliotisha watu wakapoteza heshima, kwa haki. Kilichotokea usiku ule ni kwamba pauni ilishuka kutoka karibu dola 1.50 hadi chini ya dola 1.35 kwa saa chache, na nchi inayoagiza chakula kingi kutoka nje huisikia hali hiyo kwenye kapu la sokoni.

Hasara kubwa imekuwa ya polepole. OBR, ofisi huru inayokadiria bajeti ya Uingereza, inasema kwa muda mrefu tija ya nchi itakuwa pungufu kwa takribani asilimia 4 kuliko ambavyo ingekuwa kama ingebaki. Maneno ya kushika ni hayo ya mwisho. Uchumi unaweza kukua kila mwaka na bado ukawa mdogo kuliko ambavyo ungekuwa. Katikati ya njia pakapita korona na vita vya Ukraine, na kila upande ukapata pa kusingizia. Kwa hiyo anayekuonesha kuwa London bado ina maduka hajathibitisha kitu.

Dhana: Fedha za ada zingejenga hospitali

Basi la kampeni ya kutoka la Uingereza liliandikwa kuwa nchi inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kwa wiki. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo yenyewe ilisema tarakimu hiyo inapotosha, maana haikutoa zile zinazorudi. Kwetu hoja ni dhaifu zaidi: bajeti nzima ya EAC kwa mwaka ni kama dola milioni 100, ya nchi zote na wafadhili. Fungu letu ni dogo. Mtu akitaka tutoke atafute sababu nyingine.

Dhana: Karafuu zetu zitakosa soko

Hazitakosa. Wanunuzi wakubwa wa karafuu wako India, Indonesia, Singapore na nchi za Ghuba, na hakuna hata mmoja aliye mwanachama wa EAC. Bei hutegemea sana mavuno ya Indonesia, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mwani nao huvuka bahari kubwa kwenda viwandani mbali. Upendeleo wa kuingiza bidhaa Ulaya bila ushuru tunaupata kwa kuwa Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, si kwa kuwa tuko Jumuiya.

Nikisema hivi Wapemba hucheka na kuniuliza habari za Mombasa. Karafuu za magendo zilizokuwa zikivushwa usiku kwa mashua kutoka Pemba kwenda Kenya, huku KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wakizifukuzia, zilifuata bei. Kisheria zao hili linauzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, na uanachama wetu wa Jumuiya haujawahi kuibadili sheria hiyo. Tukitoka, mashua zile hazitajua kama tumetoka.

Dhana: Nchi tatu za Sahel zimeonesha njia

Zimetoka ECOWAS, lakini zimebaki kwenye umoja wa fedha na forodha wa nchi zinazotumia faranga ya CFA. Kwa hiyo na Senegal, Ivory Coast, Benin na Togo bado zina sarafu moja na soko moja. ECOWAS nayo iliagiza bidhaa na vitambulisho vyao viendelee kutambuliwa kwa wakati huu. Nchi hizo hazina bahari, zikategemea bandari za wenzao. Sisi bandari ni yetu, na tunachokosa ni soko kubwa la jirani. Machi 2025 zikaweka tozo ya asilimia 0.5 kwa bidhaa zinazotoka nje ya umoja wao mpya. Ni mapema mno kuwatumia kama ushahidi, wa upande wowote.

Mfano wa karibu ni wetu wenyewe, ila umesahaulika: Tanzania ilitoka COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Haikuanguka, kwa sababu ilibaki SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na ilikuwa inaingia EAC mpya, na Kenya na Uganda tuliendelea kuuziana nazo kwa njia hiyo.

Dhana: Zanzibar inaweza kutoka peke yake, kama Greenland

Huyu anayetaja Greenland amesoma, na nampa heshima yake. Ni kisiwa chini ya Denmark, kilipata mamlaka ya ndani mwaka 1979, kikapiga kura mwaka 1982, na tarehe 1 Februari 1985 kikatoka Jumuiya ya Ulaya huku Denmark ikibaki. Sababu ilikuwa samaki. Kinachorukwa ni bei: samaki wao waliendelea kuingia Ulaya bila ushuru kwa kuwa meli za Ulaya ziliendelea kuvua kwao, kwa malipo na kwa mkataba. Na ilibidi mikataba yenyewe ya Ulaya irekebishwe na nchi zote.

Kwetu mwanachama ni Jamhuri ya Muungano. Biashara ya nchi za nje na ushuru wa forodha vimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, kwa hiyo mjadala huo si wa Arusha kwanza. Ni wa Dodoma liliko Bunge na Chukwani liliko Baraza la Wawakilishi, na ni mrefu.

Dhana: Rais akitangaza leo, kesho tumetoka

Kifungu cha 145 cha Mkataba wa EAC kinataka azimio la Bunge kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha notisi ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Na miezi 12 hiyo ni ya kutoka tu. Kupanga utaratibu mpya ni kazi nyingine. Uingereza ilipeleka barua yake Machi 2017, ikatoka Januari 2020, ikaanza mkataba mpya Januari 2021, na ukaguzi bandarini wa nyama na jibini zinazotoka Ulaya ukaahirishwa mara kadhaa hadi Aprili 2024, kwa sababu, pamoja na mengine, vituo na watu wa kukagua vilikuwa havijawa tayari.