Sikoseli Haimwingii Mtoto Akifikisha Miezi Sita

"Alizaliwa mzima, ugonjwa ulimwingia baadaye." Wanaohudumia watoto wenye sikoseli, Kampala hadi Mbale, wameisikia kauli hii mpaka imewachosha. Kinachofuata ni kutafuta mchawi: chanjo ya surua, sindano ya malaria, jicho la jirani, au mama mwenyewe na alichokula akiwa mjamzito. Mwisho wake mdogo anayefuata hapelekwi chanjo, na mama anarudishwa kwao.

Mtoto huyo alikuwa SS, yaani ana nakala mbili za jeni ya sikoseli, tangu mimba ilipotungwa. Jeni ya beta, mojawapo ya jeni zinazotengeneza himoglobini (protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu), yenye herufi moja ya DNA iliyobadilika, T mahali pa A, ameirithi kwa baba na kwa mama. Ila kabla ya kuzaliwa ilikuwa inasomwa, yaani inatumiwa kutengeneza protini, kidogo tu.

Kwenye kromosomu ya 11 jeni za familia hii ya himoglobini zimepanga foleni: epsiloni, gama mbili, delta, kisha beta. Kabla ya epsiloni, umbali wa herufi 6,000 hadi 20,000, kuna eneo la udhibiti liitwalo LCR. Halitengenezi protini yoyote. DNA hujikunja hadi LCR igusane na promota ya jeni (kipande cha mwanzo kinachowasha usomaji), na jeni iliyoguswa ndiyo inayosomwa kwa nguvu. Ni kama bomba moja la mtaa: anapochota huyu, yule anasubiri. Tumboni anayechota ni gama, na kwa kushirikiana na alfa, jeni mwenzake iliyo kwenye kromosomu nyingine, inatoa himoglobini F, ile ya kabla ya kuzaliwa. Kisha protini ya BCL11A inaongezeka katika seli zinazozaa chembe nyekundu, inashika promota za gama herufi kama 115 kabla ya mahali usomaji unapoanzia, na gama inanyamaza. LCR inahamia kwa beta. Kwa mtoto wa SS, beta hiyo ndiyo inayotoa himoglobini S, ile ya sikoseli.

F huizuia S isishikamane kuwa nyuzi zinazopinda chembe. Ndiyo maana mtoto anazaliwa akiwa na F nyingi na hana dalili, halafu F ikishuka vidole vya mikono na miguu vinavimba. Chanjo ilitangulia tu kwenye kalenda. Hata kuzaliwa kwenyewe hakubadilishi zamu: mtoto njiti hawahi kuhamia beta, kwa sababu hesabu inaanzia kwenye mimba.

Kosa la pili linatoka humo humo: kumpima mtoto wa miezi miwili kwa kipimo cha haraka cha kuyeyusha (damu inachanganywa na dawa kuona kama S itaganda badala ya kuyeyuka), kikasoma hasi, familia ikashangilia. S bado ni kidogo mno kuonekana kwa kipimo hicho. Dai elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kwa tone la damu ya kisigino. Jibu huja kwa herufi za himoglobini zilizoonekana, A ikiwa ile ya kawaida: FA ni mzima, FAS ni mbebaji, na FS achukuliwe kuwa mgonjwa mpaka kipimo cha kurudia, akishapita miezi sita, kithibitishe. Aliyeongezewa damu asubiri miezi mitatu, la sivyo mnapima damu ya mtu mwingine. Mwenye FS aanze penisilini akiwa na miezi miwili: miligramu 125 mara mbili kwa siku hadi miaka mitatu, kisha 250 mara mbili hadi mitano. Msingoje vidole vivimbe.

"Haidroksiyurea inabadilisha jeni za mtoto." Dawa hii ya sikoseli haibadilishi hata herufi moja. Inasukuma uboho utoe chembe zenye F zaidi, na ukiiacha F inashuka. Dozi ya kawaida ni kama miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku, na damu hupimwa mara kwa mara kwa sababu chembe nyeupe zinaweza kupungua. Tiba hii inaharibika kwa njia mbili: mzazi anaacha baada ya wiki tatu kwa kuwa "haifanyi kazi", ilhali F hupanda kwa miezi, au mtoto ameongezeka kilo nne na dozi ni ile ile. Mtoto apimwe uzito kila anapochukua dawa, na uandikwe kwenye daftari lake.

"DNA isiyo jeni ni takataka." Sehemu ya DNA inayoandika protini haifiki asilimia 2, na anayedai kila herufi iliyobaki ina kazi naye anatia chumvi. Lakini Casgevy, tiba ya sikoseli ya kuhariri DNA, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, haigusi beta wala gama. Inakata enhansa ya BCL11A, yaani kipande cha DNA kinachoongeza usomaji wa jeni hiyo, inayofanya kazi katika ukoo wa chembe nyekundu, ili gama iamke tena. Herufi ya sikoseli inabaki palepale, na aliyetibiwa bado anawarithisha wanawe S. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2, kwa hiyo anayekuuzia mizizi ya "kurekebisha jeni" mwambie arudi nyumbani.

"Damu ina DNA yake na ubongo una yake." Ni ile ile. Jeni ya beta imo kwenye seli ya ubongo, imefungwa.

"Waafrika tuna damu isiyoshikwa na malaria." Wengi wetu tuna herufi moja tofauti kwenye promota ya jeni ya Duffy, protini iliyo juu ya chembe nyekundu. GATA1, protini inayoiwasha jeni hiyo, inakosa pa kutua, chembe nyekundu zinakosa Duffy, ingawa tishu nyingine zinaendelea kuitengeneza, na vimelea vya vivax, aina moja ya malaria, vinapata shida kubwa kuingia. Falciparum, aina nyingine inayojaza wodi zetu, hupitia milango mingine. Hata kinga ya sikoseli ni ya mbebaji: AS, mwenye nakala moja ya S, hupunguziwa malaria kali, SS huuawa nayo. Mwenye SS alale ndani ya chandarua na apewe dawa ya kinga ya malaria kliniki.