Betri imejaa, mbona laptopu nzito?

Umeme ukikatika mchana pale Sanawari, Arusha, jirani yangu anayehariri video za harusi na za watalii waliotoka hifadhi ya Tarangire huanza kusonya. Laptopu yake haizimiki, na betri inasoma asilimia 98. Lakini video iliyokuwa inateleza kwenye kioo inakwama-kwama kama kifodi kilichojaza kinapopanda mlima. Fundi wa kwanza alimwambia ina virusi, tupige Windows. Ikapigwa, akalipa. Umeme ulipokatika tena, mambo yakawa yale yale.

Mashine haikuwa na virusi. Ilikuwa inabana matumizi. Chaja ikichomolewa, au umeme wa ukutani ukikatika, laptopu nyingi hupunguza kasi ya prosesa, yaani ubongo wa mashine, na ya kadi ya picha, ile inayochora unachokiona kwenye kioo, kwa makusudi, ili zisivute umeme kuliko betri inavyoweza kutoa.

Neno la kushika hapo ni kutoa. Wengi tunadhani betri iliyojaa ina nguvu zote. Angalia tenki la maji la nyumbani. Hata lijae mpaka limwagike, maji yatatoka kwa upana wa bomba lake tu. Fungua bafu, jikoni na mpira wa bustani kwa mkupuo, kila mmoja ataambulia mchirizi. Ile asilimia kwenye kioo inakuonyesha maji yaliyomo tenkini. Kuhusu upana wa bomba haisemi kitu.

Tupige hesabu. Laptopu za michezo na za kuhariri video huja na chaja ya wati 180 au 230, lile tofali linalovunja mgongo kwenye begi. Betri yake tuseme ni ya wati-saa 60, yaani inatoa wati 60 kwa saa moja. Mashine ikivuta wati 120 mfululizo, betri inaisha kwa nusu saa. Lakini muda ndiyo shida ndogo. Seli tatu za lithiamu zilizounganishwa kwa mfuatano hutoa kama volti 11, kwa hiyo wati 120 ni karibu ampea 11. Betri ikikamuliwa hivyo hupata joto na volti yake hushuka ghafla, na ikishuka mno laptopu inazimika papo hapo, kazi ambayo hukuihifadhi inakwenda na maji. Ndiyo maana mtengenezaji anaweka kikomo ndani ya mashine yenyewe, na kikomo hicho hakitoki hata upige Windows mara kumi.

Kwa nini basi wapunguze kasi, wasipunguze kitu kingine? Kwa sababu kasi ya juu ni ghali. Prosesa ikitaka kukimbia zaidi inahitaji na volti zaidi, na ulaji wa umeme hupanda pamoja na kasi, tena kwa kipeo cha pili cha volti. Shusha kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, ulaji unapungua kwa karibu asilimia 27. Anayeandika barua pale steshenari hatahisi tofauti yoyote. Anayetoa video ya harusi yenye urefu wa saa tatu ataihisi vizuri sana.

Juu ya kikomo cha kiwandani kuna kile cha Windows, na hiki unaweza kukigusa. Kwenye mipangilio ya nguvu na betri kuna ngazi tatu, kuanzia kuokoa umeme hadi utendaji wa juu kabisa. Kwenye Windows 10, hali ya kuokoa betri huwaka yenyewe ikibaki asilimia 20. Jirani yangu alipandisha ngazi, akapata nafuu, ila betri ikawa inaisha kabla umeme haujarudi. Sasa bila umeme anakata na kupanga vipande vya video tu.

Betri iliyozeeka ina ukinzani mkubwa ndani yake, yaani bomba limejaa kutu, na mashine hubana zaidi. Kompyuta za Mac zenye prosesa za Apple, zilizoanza kutoka mwaka 2020, ni habari nyingine: zinakula umeme kidogo kiasi kwamba kwenye betri kasi yake karibu haibadiliki.

Kabla ya kumlipa fundi, chomeka chaja. Kasi ikirudi palepale, ni kikomo cha umeme. Isiporudi, tafuta kwingine, ukianza na vumbi kwenye feni, maana vumbi la Arusha wakati wa kiangazi tunalijua. Ila hakikisha ni chaja iliyokuja na mashine. Mashine ya wati 180 ukiichomeka kwenye kichaja cha wati 65 ulichoazima, taa itawaka, alama ya kuchaji itaonekana, na bado itatambaa kana kwamba iko kwenye betri.