Msanii na siasa: nani kamkataza?

Kijiweni Mikindani, kikombe cha kahawa mkononi, mzee mmoja alikata shauri: "Msanii aimbe tu, siasa sheria inamkataza." Hapana, mzee wangu. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Haikumtoa mwimbaji wala mbangua korosho. Sugu alitoka kwenye muziki akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, Profesa Jay akapata Mikumi 2015. Na yule anayetumbuiza jukwaa la kampeni, si keshasema siasa? (Huyo hatumnyamazishi, tunacheza.) Ila umaarufu si utaalamu. Akitaja bei ya korosho, muulize: mnada upi, ghala lipi?