Droni juu ya kituo cha umeme: kazi inaanzia chini

Kila nikikaa na wasimamizi wa vituo vya kupoza umeme, swali la kwanza ni lilelile: tununue mtambo gani wa kuidungua droni? Mimi huwapeleka kwanza Gatwick.

Usiku wa Desemba 19, 2018, uwanja huo wa ndege ulio kusini mwa London ulifunga njia yake ya kurukia kwa sababu watu walisema wameona droni. Ndege zilisimama kwa takriban saa 33. Safari kama 1,000 zikafutwa au kuelekezwa kwingine, abiria wapatao 140,000 wakavurugikiwa, tena wiki ya Krismasi. Polisi nao wakarusha droni zao, na baadaye mkuu wa polisi wa Sussex akakiri kwamba huenda baadhi ya walioripoti walikuwa wameziona hizohizo za polisi! Mke na mume walikamatwa, wakaachiwa bila shtaka. Septemba 2019 jalada likafungwa, hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Silaha isingesaidia kitu pale. Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni nini kimeonekana, wapi, saa ngapi. Ndiyo maana mafunzo yangu huanza na walinzi wa getini. Mlinzi akiniambia "ilikuwa mita mia tatu juu," simwamini, kwa sababu usiku hakuna jicho linaloweza kupima umbali wa taa usiyojua ukubwa wake. Namtaka aseme: nilisimama kibanda namba mbili, ilikuwa juu ya nguzo ya tatu, ikaelekea upande wa tangi, saa mbili na dakika kumi. Mwenzake aliye upande wa pili akisema yake, unachora mistari miwili kwenye ramani na unaona inapokatana. Hilo halina gharama zaidi ya daftari na saa zinazokubaliana.

Vifaa vinafuata. Rada ndogo inaona vitu vidogo, ila kwa Dar es Salaam jiandae kuoneshwa kunguru kutwa nzima. Mimi ningeanza na kipokezi cha mawimbi ya redio, kinachonasa mawasiliano kati ya droni na rimoti yake, mara nyingi kwenye gigahezi 2.4 au 5.8. Kwa droni nyingi za dukani kinaweza kukuonesha hadi alipo mrushaji. Mara nyingi ni kijana wa picha za harusi, na askari akimfuata nyuma ya uzio mambo yanaishia hapo. Upungufu wake ni kwamba droni iliyopangiwa njia kabla ya kuruka inaweza kupita kimya, na zile zinazoongozwa kupitia uzi mwembamba wa fiba zinaouburuta, kama za vita vya Ukraine, hazitegemei redio kabisa. Hapo unahitaji kamera, ya kawaida na ya joto.

Sasa, kuidungua. Julai 2020, huko Pennsylvania, Marekani, droni aina ya DJI Mavic 2 ilikutwa imeanguka juu ya paa la jengo lililo jirani na kituo cha umeme. Ilikuwa na kamba mbili za nailoni, na kipande kinene cha waya wa shaba kimefungwa kwa utepe wa mafundi umeme. Kamera na kadi ya kumbukumbu vilikuwa vimeondolewa. Vyombo vya usalama vya Marekani viliona kwamba shabaha ilikuwa kusababisha shoti. Haya, piga risasi droni kama hiyo ikiwa juu ya nyaya za kilovolti 220: umemmalizia mrushaji kazi yake.

Kuvuruga mawimbi ya redio na GPS ili droni ipoteze mwelekeo nako kuna mtego ambao wauzaji hawautaji. Vituo vingi vya kisasa huchukua majira yao kutoka satelaiti za GPS, ili kumbukumbu za hitilafu zilingane kituo hadi kituo. Ukiziba GPS umeitibua saa yako mwenyewe. Tena huwezi kuwasha mtambo wa kuvuruga mawimbi bila kibali cha serikali, na jirani yako akiwa uwanja wa ndege, sahau.

Waukraine, baada ya gridi yao kuanza kushambuliwa mfululizo Oktoba 2022, walizungushia transfoma vizimba vya mawe na mifuko ya mchanga, kisha wakajenga kuta za zege na nyavu. Transfoma kubwa ikiungua, kuagiza nyingine ni zaidi ya mwaka. Kwetu hakuna vita hiyo, ila ukuta wa zege kati ya transfoma na transfoma, pamoja na vikombe vya akiba vya kuhami umeme stoo, ningevilipia kabla ya kuwaza bunduki yoyote.

Na droni ikianguka ndani ya uzio? Usiiguse, usiizime. Betri ya lithiamu iliyopondeka inaweza kuwaka hata baada ya saa kadhaa. Ondoa watu, piga picha ukiwa mbali, zuia mtu asichomoe kadi ya kumbukumbu, ita polisi. Ikiwa imelala karibu na nyaya, chumba cha udhibiti kikate umeme wa eneo hilo kwanza, ndipo mtu asogee.