Limfu haina moyo wa kuisukuma, ndo maana uvimbe unagoma kushuka

Mimi ni mfiziotherapia, na wengi wanaokuja kwangu wana mkono au mguu umevimba na hautaki kushuka, na karibu wote wanauliza kama damu imeganda. Inawezekana, na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma usisubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ila wanaofika kwangu mara nyingi shida yao ni limfu.

Iko hivi, damu ikipita kwenye vimishipa vile vidogo kabisa majimaji yanavujia kwenye nyama na sio yote yanarudi yenyewe, kwa siku yanabaki kama lita 3 hivi pamoja na protini, sasa hayo ndo limfu, yanabebwa na mishipa yake mpaka kwenye vena kubwa chini ya shingo. Njiani yanapita kwenye tezi, mtu anazo kama 600, humo seli nyeupe zinakagua kila kinachopita, ndo maana ukipata kidonda mguuni mtoki unatokea kinenani. Mtoki wa hivyo unauma kisha unanywea. Mimi naogopa ule mgumu, hauumi, umekaa wiki kadhaa, hasa juu ya mtulinga. Huo akauone daktari.

Mafuta ya chakula nayo yanapita humohumo (Gaspare Aselli, daktari wa Italia, aliiona mishipa hiyo nyeupe kwenye utumbo wa mbwa mwaka 1622).

Sasa, moyo wa kusukuma haupo. Mishipa inajibana yenyewe, vali zinazuia kurudi nyuma, misuli na pumzi zinasaidia. Aliyetolewa tezi za kwapa sababu ya kansa ya titi, mkono unaweza kuvimba hata miaka baadaye. Kupima mguu nabana ngozi ya juu, pale kidole cha pili cha mguu kinapoanzia. Ikigoma kunyanyuka, hiyo ni limfu. Ikinyanyuka bado siwezi kusema sio limfu.

Masaji ya uvimbe huu ni laini mno, wagonjwa wanadhani nawadanganya, ila vimishipa hivyo viko chini tu ya ngozi, ukikandamiza kwa nguvu hupati kitu. Na hizi habari za masaji ya "kutoa sumu" mtandaoni achana nazo, sumu ni kazi ya ini na figo. Kinachofanya kazi hasa ni bandeji ya kubana iliyofungwa na anayejua, mazoezi ukiwa umeivaa, na kupaka mafuta ngozi isipasuke, maana kwenye mguu wa hivyo bakteria wakipenya hata kwenye kaufa kadogo unaweza kuamka na homa na mguu mwekundu, na kila shambulio linaharibu mishipa zaidi.