Flashi na machweo ya Kigoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kigoma jua huzama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo. Kila bwana na bibi harusi wanataka picha ya jioni wakiwa wameligeuzia ziwa mgongo, na hapo ndipo tunaotumia filamu tunapoharibu. Ama sura zinatoka nyeusi, ama zinang'aa huku anga limekuwa giza kama saa sita usiku. Na kosa hulioni mpaka mkanda usafishwe.

Dhana inayotugharimu zaidi ni hii: ukipunguza kasi ya shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kufika kwenye filamu), flashi inaongezeka nguvu. Si kweli. Flashi huwaka na kuzimika kwa muda mfupi mno, aghalabu chini ya 1/1000 ya sekunde. Shata ikae wazi kwa 1/60 au 1/15, flashi ilishamaliza kazi yake. Kinachoendelea kuingia ni mwanga wa anga. Kwa hiyo shata inatawala anga, umbali wa mtu unatawala flashi, na tundu la lenzi linagusa vyote viwili.

Twende ufukwe wa Kibirizi jua likishazama. Flashi ina namba ya nguvu 28 (ukiigawa kwa umbali wa mita unapata tundu la lenzi) kwa filamu ya ISO 100, yaani kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga; mtu yuko mita 5. Gawanya 28 kwa 5, unapata 5.6: weka tundu kwenye f/5.6. Kisha pima anga peke yake. Kipimo kikikupa 1/60, piga. Anga likififia, shuka hadi 1/30, halafu 1/15 kamera ikiwa juu ya stendi, na tundu usiliguse. Sura itabaki vilevile, rangi za anga zitarudi.

Wengine husema shata ya kasi ndiyo salama. Mimi niliamini hivyo, nikapoteza picha za ubatizo wa mpwa wangu: nusu ya kila picha ilikuwa nyeusi. Shata ya kamera hizi za filamu ni mapazia mawili, na kasi ikizidi kiwango chake, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijafungua lote. Pentax K1000 na Canon AE-1 mwisho wake na flashi ni 1/60. Nikon FM2, tangu 1984, inafika 1/250.

Kwamba flashi itamulika ziwa? Hapana. Umbali ukiwa maradufu, mwanga unabaki robo.

Halafu kuna wanaosema flashi ni ya usiku tu. Saa sita mchana macho ya mtu huzama kwenye vivuli, na hapo flashi inahitajika kweli. Tatizo ni hesabu: jua kali, ISO 100, shata 1/60, unahitaji f/22, na flashi ile ya 28 inafika mita 1.3 tu. Lakini ya kujazia vivuli inatosha nusu ya mwanga huo, kwa hiyo simama mita 1.8. Akiwa mbali zaidi ya hapo, mpeleke chini ya mwembe.