Hotipoti ya Mwanjelwa: ubunifu wa biashara huanzia kwenye lalamiko la mteja

Ukiingia upande wa mchele katika soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, utakuta vilima vyeupe kwenye mabeseni na kila kilima kimechomekwa kibao: "Kyela safi", jina la wilaya inayosifika kwa mchele wake. Hata uliokobolewa Igurusi utaambiwa ni Kyela. Bei zinapishana kwa shilingi hamsini au mia, sado, yaani kopo la kupimia, ni ile ile, na maneno ya kumwita mteja ni yale yale. Hapo muuzaji anabaki na njia moja tu, kushusha bei, na jirani yake naye atashusha kabla ya saa sita.

Mama mmoja wa sokoni hapo alianza kuja na hotipoti. Ndani mna wali mtupu, hauna nazi wala mafuta, ameupika alfajiri kwa mchele ule ule anaouza. Mteja akisita, mfuniko unafunguliwa, harufu inamfikia, anapewa kijiko aonje. Baadaye akaanza kuchambua mawe na chenga, akafunga kilo moja moja, na juu ya kila mfuko akaandika kwa kalamu ya wino mzito mwezi wa mavuno. Wapo wanaotaka mchele mpya kwa sababu unanukia, wapo wanaotaka wa zamani kwa sababu hauwi bokoboko. Mwezi ule unawajibu wote wawili.

Hakununua mashine. Alisikiliza malalamiko mawili aliyorushiwa kila siku, ya mawe na ya bokoboko, akayafanyia kazi. Nalisema hili kwa sababu wengi wanaokuja ofisini kwetu kuomba ushauri wa biashara huanza na mashine: nipeni mkopo ninunue kiwanda kidogo cha kusindika. Ukiuliza nani atanunua na leo anakosa nini, kimya.

Ubunifu si lazima uwe uvumbuzi. Tazama parachichi. Mti wa kwanza wa aina ya Hass uliota California kwa Rudolph Hass, mtu wa kugawa barua, aliyeupatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1935. Watu walinunua mche mmoja, wakakata vikonyo, wakavibebesha, yaani wakaviunga kwenye miche mingine, katika mashamba yao yote, naye akaendelea na kazi yake ya posta. Leo mkulima wa Rungwe au Njombe anabebesha Hass bila kuvumbua chochote. Alichobadilisha ni kuchagua tunda lenye ganda gumu linalovumilia safari ya meli, badala ya lile la kienyeji linalopondeka hata kabla basi halijafika Makambako. Kuiga kwa akili nako ni ubunifu, ilimradi ujue unamuigia mteja yupi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi huanguka. Tuseme umenunua mchele kilo 100 kwa shilingi 2,400 kila kilo, yaani 240,000. Ukiuuza ulivyo kwa 2,650, unapata 265,000, faida 25,000. Ukiuchambua, tuseme unabaki na kilo 92 safi, kilo 7 za chenga na kilo moja ya mawe na vumbi. Kilo 92 kwa 2,900 ni 266,800, chenga kwa 1,500 ni 10,500, jumla 277,300. Toa mtaji na mifuko 92 ya shilingi mia mia, faida ni 28,100. Yaani mgongo umeuma siku nzima kwa nyongeza ya shilingi 3,100!

Je, mama yule alikosea? Hapana, ila faida yake haikuwa kwenye gunia la kwanza. Ilikuja pale mteja wa kilo moja aliporudi kuchukua kumi, na mama ntilie wa jirani alipoanza kuagiza bila kubishana bei. Ndiyo maana tunashauri jambo jipya lijaribiwe kwa gunia moja au mawili, kwa majuma kadhaa, huku ukiandika nani amerudi. Ukikopa ujaze stoo mifuko yenye picha yako kabla hujajua hilo, umechapisha hasara kwa rangi.

Majirani watakuiga. Mwanjelwa hilo huchukua siku chache, na hotipoti huwezi kuizuia. Jina na nembo unaweza: alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Bidhaa ikishafungashwa kwa ajili ya maduka, utahitaji pia nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu 1973, kupata mafunzo ya vifungashio na barua ya utambulisho. Uzito ulioandikwa kwenye mfuko nao uwe uzito kweli. Kilo moja yenye gramu 950 ni lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, iliyogeuzwa kichwa chini, na Wakala wa Vipimo hawana utani nayo.

Mama wa hotipoti ana daftari la shule chini ya meza. Upande mmoja anaandika mauzo, upande wa pili maneno ya wateja kama walivyoyasema. Nilipolifungua mara ya mwisho, sentensi moja ilikuwa imejirudia mara nne, kwa wino tofauti: "Mfuko unachanika pembeni."